Swali la 17 na bei ya mchele wa Kyela

Kazini wananiita Mama Ithibati. Lilianza kama kejeli ya wahadhiri wa idara moja, ambao wakiniona nakata kona ya korido na faili kwapani walikuwa wanakumbuka ghafla kwamba wana kipindi. Siku hizi hata dada wa kantini ananiita hivyo akinifungia chapati. Nimelipokea. Ila ukweli ni kwamba mambo ya ithibati, yaani kuhakikisha programu za chuo zinakidhi viwango, ndiyo ninayoyapenda kidogo kuliko yote katika kazi hii. Ninachokipenda hakimo hata kwenye barua yangu ya ajira: kuisoma mitihani baada ya wanafunzi kuimaliza, swali kwa swali, na kuangalia nani alikosa nini.

Kwa asiyejua mambo ya vyuo, nieleze kidogo. Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 ituletee TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kila chuo kikuu nchini kinatakiwa kiwe na utaratibu wake wa ndani wa kujikagua. Hapa kwetu Mbeya utaratibu huo ni mimi, kijana mmoja mahiri wa takwimu, kompyuta mbili na makabati ya faili yaliyoziba nusu ya dirisha. Nusu iliyobaki inatuonyesha mlima Loleza. Juni na Julai tunafanya kazi tumevaa makoti, na mgeni kutoka Dar akiingia ofisini tunamjua kabla hajasalimia, maana anaingia akisugua viganja.

Kazi yenyewe kwa sehemu kubwa ni mitaala. Programu mpya ikija mezani kwangu nahesabu krediti: krediti 1 ni saa 10 za mwanafunzi kujifunza, iwe darasani, maabara au kwenye kimbweta usiku, mwaka mmoja ni krediti 120, shahada ya miaka 3 haipungui 360. Naangalia kama matokeo ya ujifunzaji yameandikwa yakaeleweka, kama kila kozi inabeba mzigo wake, kama vitabu vilivyotajwa vipo maktaba au vimetajwa tu. Ni kazi ya lazima na sina dharau nayo. Tatizo ni kwamba karatasi haibishani na mtu. Ukitaka mtaala uonekane wa maana, unachukua vitenzi vya ngazi ya juu katika ule mpangilio wa ngazi za kufikiri wa Benjamin Bloom wa 1956 (chambua, tathmini, buni), unavipanda humo, na kila mkaguzi atatikisa kichwa kwa kuridhika.

Halafu unafungua mtihani wa kozi ileile. Swali la 1: taja sifa tano. Swali la 2: orodhesha faida na hasara. Swali la 3: eleza maana ya maneno yafuatayo.

Mwanafunzi si mjinga. Mtaala hajawahi kuuona na wala hautafuti, ila pepa za miaka ya nyuma anazo zote kwenye simu, zimepangwa vizuri kuliko faili zangu. Anaona wazi kuwa kozi inayojitangaza kufundisha uchambuzi inatoa A kwa mwenye kukariri, basi anakariri. Anapiga msuli kwenye madesa, anaingia, anataja sifa tano, anatoka. Miaka mitatu baadaye mwajiri analalamika redioni kwamba wahitimu hawawezi kufikiri, na chuo kinaitisha warsha ya kuhuisha mitaala. Tunaongeza vitenzi.

Mimi nilitokea sekondari. Nilifundisha baiolojia huko Rungwe kabla ya kwenda kusomea upimaji na tathmini, na katika miaka ile nilipata bahati ya kuitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Watu wanalichukulia Baraza la Mitihani kama kiwanda cha kutangaza matokeo, lakini kwangu lilikuwa shule kuliko shule. Kwanza mnakaa pamoja na mwongozo wa kusahihishia, mnasahihisha karatasi chache za majaribio, mnabishana kwa nini wewe umempa 3 na mwenzako kampa 5, mpaka mnaelewana. Kisha kila mmoja anashika swali lake au sehemu yake, karatasi zinapita mkono hadi mkono, na kosa lako la kujumlisha linakamatwa na anayefuata. Hakuna anayekaa na karatasi nzima ya mtoto mmoja akaanza kumpenda au kumchukia kwa mwandiko wake.

Na kuna jambo ambalo raia wengi hawalijui. Baada ya matokeo, Baraza hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali. Inaonyesha waliofanya vizuri na vibaya, inaeleza kwa nini, tena inaweka na picha za majibu yenyewe kwa mwandiko wa mtahiniwa: hili zuri, hili bovu. Mwalimu wa shule ya kata akitaka kujua watoto wanakwama wapi kwenye jenetikia, atapata.

Nilipofika chuo kikuu nikauliza taarifa kama hiyo ya kwetu iko wapi. Nikatazamwa kama niliyeuliza choo cha walimu kiko wapi wakati wa misa. Chuo kilichojaa madaktari wa falsafa hakifanyi kwa mtihani wake kile kinachofanyika kwa mtihani wa kidato cha nne. Tunatunga, tunasimamia, tunasahihisha, bodi ya mitihani inakaa, seneti inapitisha, tumemaliza. Mtahini wa nje anakuja, anasoma karatasi alizochaguliwa, anaandika ripoti ya heshima. Tunajua wangapi wamepata A, wangapi wana sapu (mtihani wa kurudia), nani ame-disco (kaondolewa masomoni). Kuhusu maswali yenyewe, kama yalipima kitu au yalipiga bahati nasibu, hakuna anayeuliza.

Basi ndiyo tukaanza, mimi na kijana wangu, bila barua ya mtu, kwa wahadhiri waliokubali wenyewe.

Njia haina uchawi. Chukua darasa la wanafunzi 200 na mtihani wenye maswali ya kuchagua. Wapange kwa jumla ya alama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Chukua asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini. Namba hiyo imetokana na hesabu za Truman Kelley, mtakwimu wa Marekani, mwaka 1939, na mpaka leo watu wanaitumia. Kwa darasa letu ni wanafunzi 54 kila upande. Sasa chukua swali moja. Kama 40 wa juu wamelipata na 12 wa chini wamelipata, toa, baki 28, gawa kwa 54: unapata 0.52. Swali zuri sana hilo, linawatenganisha waliosoma na wasiosoma. Likizidi 0.40 unaliacha lilivyo. Likiwa chini ya 0.20 unaliandika upya au unalitupa. Na likienda chini ya sifuri, maana yake walioelewa kozi ndio waliokosa na wasioelewa ndio waliopata, hapo unavuta kiti.

Swali la 17 lilikuwa chini ya sifuri.

Ulikuwa mtihani wa utangulizi wa uchumi, mwaka wa kwanza. Mtihani wenyewe uko kwa Kiingereza kama yote, lakini kiini chake ni hiki: bei ya mchele wa Kyela ikipanda sokoni Mbeya, mambo mengine yakibaki vilevile, kitatokea nini? Jibu B, ambalo ndilo lililokuwa kwenye mwongozo: kiasi cha mchele kinachonunuliwa kitapungua. Jibu C: walaji watanunua ndizi na viazi zaidi. A na D yalikuwa ya kujazia.

Kundi la chini walikuwa wamemiminika B. Kundi la juu waligawanyika, na wengi wao walikuwa C.

Nilikaa na lile swali kipindi kizima cha chai. Ukikariri kanuni ya mahitaji kama ilivyo kwenye slaidi, bei juu, kiasi chini, unaweka B na unaendelea na swali la 18. Lakini ukiwa umeelewa bidhaa mbadala, na zaidi ukiwa umekulia mkoa huu, unamuona mama yako Mwanjelwa mwezi wa pili, kabla mavuno ya mpunga hayajaanza. Kilo ya mchele imepanda, anasogea kwa wa ndizi za Rungwe, anasogea kwa wa viazi, anarudi nyumbani na kapu limejaa vilevile. C ni kweli. B nayo ni kweli. Swali lilikuwa na majibu mawili sahihi, na lilimwadhibu aliyefika mbali zaidi kwa kufikiri.

Mwenye kozi ni daktari mmoja mtu wa Iringa, mpole mpaka uguse kazi yake. Nilimpigia nikamwomba apite ofisini. Akaja na ile sura ya kuitwa polisi.

"Karibu Dokta. Chai?"

"Nishakunywa, Mama Ithibati. Sema kosa langu."

Nikamwambia hakuna kosa, kuna swali. Nikamwekea jedwali mezani. Akaliangalia, akavaa miwani, akaliangalia tena. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Hawa waliochagua C, ni akina nani?" Mimi majina huwa siyaangalii, tunatumia namba za usajili tu, lakini yeye anawajua wanafunzi wake kwa namba. Akapitisha kidole kwenye orodha. "Huyu hukaa mbele. Huyu ndiye aliyenibishia kuhusu soko la viazi Uyole. Huyu... ah, na huyu!" Akacheka peke yake. Alikuwa amegundua kwamba watu waliomkosea swali ndio wale wanaomfanya apende kuingia darasani.

Tukakubaliana majibu yote mawili yapewe alama, na kwa kuwa bodi ya mitihani ilikuwa haijakaa, alama zikarekebishwa bila kelele. Unaweza kusema alama moja ni nini. Ni kuvuka kutoka 69 kwenda 70, yaani B+ kuwa A. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa jumla wa ufaulu, ya 3.8, na anayetaka daraja la kwanza 4.4, na nimeona watu wamekwama pembeni kabisa ya mstari huo. Alama moja nayo ni maisha ya mtu.

Habari zikasambaa, na hapo ndipo nilipoanza kupata shida ya kweli. Wapo waliokuja wenyewe na mitihani yao, hasa vijana waliotoka kusoma karibuni. Wapo waliosema sasa Mama Ithibati anataka kututungia mitihani. Mzee mmoja wa idara nyingine, ninayemheshimu sana na aliyenifundisha mengi, aliniambia: "Binti yangu, mtihani ni siri ya mwalimu na Mungu wake." Nikamwitikia kwa adabu. Moyoni nilijua mtihani ukishaingia ukumbini na watu mia mbili hauna siri tena.

Lakini kuna hoja moja yao ambayo siwezi kuibeza. Mhadhiri mwenye darasa la watu 400, kila mmoja kajibu maswali manne ya insha, ana majibu 1,600 ya kusoma, na kalenda inamdai matokeo. Huyo ukimwambia atunge maswali ya kuchambua, unamwambia asome aya ndefu zenye mawazo yaliyopindapinda kwa Kiingereza cha kuungaunga, aamue kila moja ina thamani gani. "Taja sifa tano" inasahihishwa na mtu aliyesinzia. Nilichokuwa nakiita uvivu, nikiwa bado mgeni wa kazi, mara nyingi ni hesabu ya saa za usiku. Kwa hiyo siwaambii waache kutaja. Nawaomba swali moja kati ya manne limlazimishe mwanafunzi kufanya kitu na anachokijua, na hilo moja tulitengenezee mwongozo wa maana, wa nusu ukurasa. Na nawaambia wasahihishe kwa swali, si kwa karatasi: swali la 1 la darasa zima kwanza, kisha ulichanganye rundo ndipo uanze la 2. Wanaojaribu wanasema inaenda haraka kuliko walivyodhani, maana kichwa kinabaki kwenye jambo moja. Pia aliyekuwa chini ya rundo mara hii anaweza kuwa juu mara nyingine. Kuna msomaji atasema hili liko wazi. Liko wazi, ndiyo, na bado nusu ya watu ninaowafahamu wanabeba karatasi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, wanaipenda au wanaikasirikia kwenye swali la kwanza, na hisia hiyo wanaisafirisha mpaka la mwisho.

Kuhusu fomu za wanafunzi kuwatathmini wahadhiri, nitasema machache maana nikianza sitamaliza. Mfumo haukuonyeshi matokeo yako mpaka ujaze, hivyo wanajaza. Wengi wanashuka na safu moja ya 4 kutoka juu hadi chini bila kuinua kidole. Tulipoweka sentensi ya kinyume katikati, "mhadhiri huyu alikuwa akichelewa vipindi", mtu yuleyule aliyesema mhadhiri anawahi sana kaweka 4 na hapo. Wastani wa namba hizo ndio unaopelekwa vikaoni na kujadiliwa kwa desimali mbili.

Kilicho na uhai ni kile kisanduku cha mwisho cha maoni, ambacho kwa miaka kilikuwa hakisomwi na mtu. Tukakisoma chote. Matusi yapo, sifa zipo, maombi ya ndoa nayo yapo (si kwangu). Katikati ya hayo kikawa kinajirudia kitu kimoja kwa wahadhiri tofauti kabisa: hatusikii. Hatusikii tukikaa nyuma, hatusikii mchana, hatusikii mvua ikinyesha. Wote walikuwa wanazungumzia ukumbi mmoja, mkubwa, wa bati lisilo na dari. Mvua zetu huku nyanda za juu si za kuja na kuondoka. Zinaanza Novemba mpaka Aprili, na mara nyingi hufungulia mchana. Muhula mzima wa kwanza, kozi za mchana kwenye ukumbi ule zilikuwa zinafundishwa kwa ishara za mikono. Wahadhiri wake walikuwa wanapata alama za chini kwenye "ufafanuzi wa mada", na mmoja wao alishashauriwa aende mafunzo ya mbinu za ufundishaji.

Nikaenda na maoni yale idara ya majengo. Dari hatukupata, bajeti haikuruhusu. Tulipata vipaza sauti viwili na spika nne, na ratiba ikahamisha kozi za watu wengi asubuhi. Sikuandika ripoti ya kurasa arobaini. Niliandika ukurasa mmoja na kuubandikia nukuu za wanafunzi kama zilivyo, pamoja na ile ya aliyeandika: "Madam wetu anafundisha vizuri sana nadhani, maana naona mdomo wake."

Ugeni wa wakaguzi ukija tunapaka rangi kuta kama kila taasisi, tunapanga faili kwa rangi, tunaandika lebo. Nitafanya hivyo tena mwaka huu na nitafanya vizuri. Kwenye moja ya faili hizo nimeongeza kitu ambacho hakuna aliyekiomba: uchambuzi wa mitihani ya kozi zilizokubali, swali kwa swali, mabovu na mazuri, bila majina ya watu. Mkuu wangu wa kitengo aliuliza kama ni busara kuwaonyesha wageni maswali yetu mabovu. Nikamwambia wanaokagua wametoka vyuoni na wanayo ya kwao, wakiona tumeyajua ya kwetu watatuamini kwenye mengine. Hakujibu ndiyo, hakujibu hapana. Kwa uzoefu wangu wa utumishi, hiyo ni ndiyo.

Dokta wa uchumi naye keshaleta rasimu ya mtihani wa Julai wiki tatu kabla ya tarehe, jambo ambalo msajili hataki kuliamini. Swali la mwisho anataka mwanafunzi apewe bei za gunia la viazi kwa miezi sita, aeleze kwa nini zimekwenda zilivyokwenda, kisha amshauri mkulima wa Uyole auze lini. Nimemrudishia na maoni mawili: kwamba data hazisemi kama mkulima ana ghala, na kwamba alama 20 kwa swali moja ni nyingi mno. La ghala amelikubali. La alama bado tunabishana.